Ruhusa ya Mkurugenzi

Jumatatu, 3 Machi

Basi. Nimekata shauri. Naiomba ile viza ya watu wanaofanya kazi kwa mtandao.

Asubuhi nilikuwa nafunga hesabu za Februari za duka la mishumaa. Benki inasema hivi, mauzo yanasema vile, na tofauti yenyewe nilikuwa nimeshaishika mkia — mara mlango unasukumwa kwa goti. Wifi yangu, mke wa kaka. Mtoto mkono huu, beseni la nguo mkono ule. Akaniwekea mtoto mapajani kama mtu anayeweka pochi mezani. Anatoka mara moja tu, anasema. Mimi si niko nyumbani.

Niko nyumbani! Mwaka wa sita huu natunza hesabu za watu wa ng'ambo kutoka chumba hiki kilichokuwa stoo, na bado katika nyumba ya mama mimi ni mtu ambaye "yuko nyumbani tu". Fundi wa bomba akija, nimfungulie, niko nyumbani. Gesi ikiisha, nikaifuate, niko nyumbani. Kaka anatoka na tai asubuhi, anakwenda kukaa nyuma ya dirisha la kugongea watu mihuri, na humo anacheza karata kwenye simu, nimemwona kwa macho yangu. Lakini yeye yuko kazini, asisumbuliwe. Umeme nalipa mimi. Mtandao nalipa mimi. Bati jipya la jikoni, mimi.

Mtoto alibonyeza kitufe sijui gani, duka la mishumaa likawa limeuza mishumaa milioni nne kwa siku moja. Ilinichukua mpaka mchana kuizima.

Kuna nchi inatoa viza ya mwaka mzima kwa watu wa aina yangu. Unakwenda na kompyuta yako, wateja wanabaki walipo, wewe unakaa kwenye chumba chenye mlango wa ufunguo. Nimesoma masharti yote mara mbili. Hakuna palipotajwa mtoto wa kaka.

Alhamisi, 6 Machi

Wanataka cheti cha polisi kwamba mimi si mhalifu, bima ya afya, mikataba na wateja walio nje, na mapato yasiyoshuka chini ya kiwango chao miezi sita mfululizo.

La mapato ndilo linalowaangusha wengi. Si mimi. Tuseme kiwango chao ni mia: mimi naingiza mia na kumi na nane. Sabini na tatu kati ya hizo zinatoka kwa daktari wa meno, mteja wangu mkubwa, mwenye kliniki tatu na ambaye stakabadhi huzihifadhi mfukoni mwa koti lake mpaka zifuliwe. Arobaini na tano zilizobaki ni za duka la mishumaa na saluni ya mbwa. Ndiyo, saluni. Ya mbwa. Nilipomweleza mama akauliza: wanalipa wenyewe?

Leo nimekwenda kuchukuliwa alama za vidole. Askari alinibingirisha kidole kimoja kimoja kwenye wino, akalalamika havitoi kitu, akauliza kama nafua sana. Nikamwambia mimi ni mtu wa ofisi. Ofisi ipi? Ya nyumbani. Akaandika kwenye karatasi yake: Kazi — hana.

Nilisimama pale mpaka akafuta. Foleni nyuma yangu ikaguna. Na igune!

Jumamosi, 8 Machi

Nimewatangazia wakati wa chakula. Kaka akacheka mpaka akapaliwa. Alisikia wanaiita viza ya wahamaji, akauliza nitahama na mbuzi wangapi. Wifi hakucheka. Aliuliza: na mtoto je? Nikamuuliza mtoto kafanya nini. Mama akasema nenda mwanangu, nenda tu, kwa sauti ile ya kusema thubutu. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole nani atakuwa anamfungulia fundi.

Mjomba alikuwepo. Ni kaka yake mama, anakaa nyumba ya nyuma yetu, mwamuzi wa mpira mstaafu. Mtaa mzima unamwita Refa. Ndiye aliyemtoa mwanawe wa kumzaa kwa kadi nyekundu mbele ya uwanja mzima, na mkewe akamlaza na njaa wiki nzima. Mpaka leo anasema ilikuwa kadi halali. Yeye aliuliza swali moja tu: nikiondoka mtandao nitaukata? Maana mechi zake anazitazamia kwangu.

Katika nyumba nzima hakuna aliyeuliza kama nitapata.

Jumanne, 11 Machi

Nimetuma. Kila karatasi. Nimejinunulia soda baridi nikainywa barabarani, peke yangu, polepole, kama mwenye duka.

Ijumaa, 14 Machi

Wamejibu. Jibu la adabu — adabu ile ya mtu anayekwambia keti kwanza.

Mikataba wameisoma. Wameona yote imetiwa saini na Mkurugenzi wa kampuni, na mimi humo natajwa kama karani wa hesabu. Kwa hiyo mwenye wateja ni Mkurugenzi. Nimwombe barua ya kuniruhusu kufanya kazi nikiwa nje ya nchi, naye awe tayari kuongea nao kwa video.

Hapo sasa. Mkurugenzi hayupo. Hajawahi kuwepo. Mkurugenzi ni mimi.

Niandike ilivyokuwa, maana nimemzoea mpaka nasahau. Mwaka wa kwanza nilikuwa nawaandikia wateja kwa jina langu. Daktari wa meno akakaa miezi mitatu bila kunilipa. Nikamwandikia: samahani kwa usumbufu, naomba tu kukumbusha. Kimya. Nikamwandikia tena, safari hii na salamu za familia. Kimya. Mara ya tatu nikafungua anwani mpya ya barua pepe, nikaandika mistari miwili: Karani wangu ananiambia hujalipa. Nipe jibu leo. Mkurugenzi. Nikaenda kuosha vyombo. Sijafika kwenye masufuria, pesa imeingia, na radhi imeombwa juu yake!

Toka siku ile nikagawa kazi. Hesabu, salamu na pole ni zangu. Kudai ni kwa Mkurugenzi. Saini yake niliibuni kwa mkono wa kushoto, ina mkia mrefu, ya mtu asiye na haraka na mtu. Mishumaa na mbwa walikuja kwa sababu daktari aliwaambia kuna kampuni moja, mkurugenzi wake mkali sana. Mwaka mpya daktari humtumia Mkurugenzi kadi. Mimi nipo chini kabisa: msalimie na karani.

Sijutii. Sikumwibia mtu hata senti, na hesabu zangu hazijawahi kukosea. Lakini miaka sita jasho limenitoka mimi, na leo anayestahili viza ni yeye. Angeomba yeye angeshapata!

Jumamosi, 15 Machi

Kwa nini nisiwaambie ukweli tu? Nimeipigia hesabu. Ukweli ukimfikia daktari, anaweza kuondoka. Bila daktari nina arobaini na tano kwenye mtihani wa mia. Na si viza peke yake — hapo hata umeme wa nyumba hii utakuwa wa kuombea dua.

Basi nimeiandika barua ya ruhusa. Nilianza kwa kujisifu: mchapakazi, mwaminifu, hodari wa takwimu. Nikaisoma, nikaona haiwezi kupita. Mkurugenzi hamsifu mtu. Nimeifupisha: Karani anaweza kwenda. Kazi isichelewe.

Nilijisikia vibaya kidogo. Miaka yote hii, hata asante!

Jumatatu, 17 Machi

Barua wameipokea. Sasa wanamtaka Mkurugenzi kwenye video, Jumatano ya wiki ijayo, saa nne asubuhi.

Natafuta mwanamume mwenye sauti. Kaka simwamini — atamwambia mkewe, mkewe atamwambia mama, mama atauambia mtaa. Kinyozi wa kona ana sauti nzuri lakini hawezi kukaa bila kucheka. Amebaki Mjomba. Aliamua mechi za nje, lugha za watu anazijua, na hata akiagiza chai watu hunyooka.

Nilimkuta anapiga pasi soksi. Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho. Hakucheka. Aligeuza soksi upande wa pili, akasema yeye hasemi uongo, hakuwahi kusema uwanjani na hataanzia kwenye kompyuta. Mtu akimuuliza kama yeye ni Mkurugenzi, sharti awe Mkurugenzi.

Nikamuuliza tufanyeje sasa.

"Niajiri," akasema.

Jumanne, 18 Machi

Nimemwajiri bosi wangu.

Biashara imeandikishwa kwa jina langu, kwa hiyo nina haki ya kuteua nimtakaye. Nimemwandikia barua ya uteuzi, saini ya mkono wa kulia. Kwenye mshahara tulivutana. Alitaka asilimia. Nikamwambia asilimia ya nini, kampuni hii mpaka jana ilikuwa na watu wawili na wote wawili ni mimi. Tumekubaliana gazeti la kila siku, na mtandao wa mechi usiguswe. Mkataba wake unaisha video ikiisha.

Nilidhani atakaa kwake mpaka siku yenyewe.

Alhamisi, 20 Machi

Hakukaa kwake. Jana saa mbili kamili yuko mlangoni, amevaa koti, amebeba kiti chake mwenyewe. Alisema hawezi kuongoza asichokijua. Akataka aonyeshwe kila kitu. Nilipomweleza kulinganisha benki na mauzo, alielewa hapo hapo: ni kama kuhesabu wachezaji kabla ya kuanza kipindi cha pili, asije akawa ameingia wa kumi na mbili. Sijawahi kusikia maelezo bora. Iliniuma kidogo.

Saa nne nikatoka kunywa chai. Niliporudi alikuwa anatazama saa yake. Akatia mkono mfuko wa shati — kadi ya njano! Anatembea nazo! Mimi, kadi ya njano, katika kampuni yangu, kwenye chumba ninachokilipia umeme.

Lakini saa tano mlango ukasukumwa kwa goti. Wifi, mtoto, beseni. Mjomba akasimama, akapuliza filimbi. Fupi tu.

"Mkwe, hapa ni kazini. Huyu anatoka saa kumi."

Wifi aliganda. "Shikamoo, Mjomba. Tusamehe. Sikujua kama humu kuna ofisi."

Akarudi kinyumenyume na mtoto wake. Sikujua kama humu kuna ofisi! Maneno ya Mjomba ndiyo hayo hayo niliyoyasema miaka sita, na mimi sikuwa hata na filimbi.

Jumatatu, 24 Machi

Sijapata kufanya kazi kama wiki hii. Machi nimeshaifunga nusu kabla haijaisha. Kaka alikuja kuazima chaja saa za kazi, akala kadi nyekundu — haruhusiwi kukanyaga humu mpaka Jumapili, na ametii! Tena amezitia mafuta bawaba za mlango bila kuombwa. Fundi wa bomba kafunguliwa na wifi. Mama akipita kwenye ukumbi ananong'ona.

Leo mama kaleta chai kwenye sinia. Kikombe cha Mkurugenzi kwanza. Kisha changu.

Nikamfuata jikoni. Nikamwambia mama, mimi nimesema, nimelia, nimebandika mpaka karatasi mlangoni. Leo kakaa mzee mmoja na gazeti, mnakunja mikia. Hakukasirika. Alikuwa anachambua mchele, akaendelea kuchambua.

"Ulikuwa unasema, mwanangu," akasema. "Lakini ulikuwa unasema huku unampokea mtoto."

Nimerudi kwenye hesabu zangu. Nimekasirika mpaka sasa, maana ni kweli.

Nimejiuliza pia: kama mlango unafungwa, bado nataka kwenda? Nimepiga hesabu na hii. Mlango unafungwa kwa sababu Mjomba amekaa hapo. Akiondoka na kiti chake, unafunguka. Na jioni hii, wakati anakunja gazeti, ameniambia kazi imemkaa vizuri, kwa nini tusiongeze muda. Amefikiria hata mavazi ya wafanyakazi.

Nataka kwenda.

Jumatano, 26 Machi

Ngoja niandike kabla sijaanza kujitetea.

Saa nne kasoro tulikuwa tayari. Mjomba mbele ya kompyuta, koti, tai ya kaka. Mimi nimekaa ng'ambo ya meza, nyuma ya kioo cha kompyuta, na vipande vya boksi nilivyoandika majibu kwa herufi kubwa, nimnyanyulie akikwama. Afisa wa viza akatokea: msichana mwenye visikilizi vikubwa kuliko kichwa, sauti ya upole. Akamsalimu. Akamuuliza kama yeye ndiye Mkurugenzi.

Ndiyo, akasema Mjomba. Sauti ile! Moyo wangu ukatulia.

Tangu lini?

Hilo hatukulifanyia mazoezi. Nikanyanyua boksi haraka: MIAKA SITA. Mjomba hakulitupia hata jicho.

"Tangu Jumanne ya wiki iliyopita," akasema.

Afisa akapekua karatasi zake. Akauliza huyu aliyetia saini mikataba ya zamani ni nani basi. Mjomba akasema huyo alikuwa kabla yake. Akauliza huyo yuko wapi sasa.

"Yuko hapa mbele yangu," akasema Mjomba, "ameshika kipande cha boksi."

Na akaigeuza kompyuta!

Nilikuwa bado nimekinyanyua. Yule msichana alikisoma, MIAKA SITA, kisha akanitazama mimi. Nikamweleza yote kwa pumzi moja, daktari, masufuria, mkono wa kushoto. Alikuwa anaandika. Sijui kwa nini niliendelea mpaka kwenye mbwa.

Mwisho akasema hivi. Biashara ni yangu, cheti kinaonyesha. Mapato ni yangu, benki inaonyesha. Lakini mkataba mkubwa wa daktari umefungwa na mtu asiyekuwepo, na serikali yao haiwezi kuuhesabu. Mikataba midogo inaweza kusubiri, lakini nilete mkataba mpya wa daktari, kwa jina langu na saini yangu, kabla ya saa kumi Ijumaa hii. Usipofika, faili linafungwa na sharti nikae mwaka kabla ya kuomba tena.

Kisha akauliza jambo lingine, kwa sauti ya chini zaidi. Nilipoandika kama Mkurugenzi, daktari alichukua muda gani kulipa? Nikamwambia sikufika kwenye masufuria. Akaandika na hilo. Sijui kama ni kwenye faili au kwenye karatasi yake mwenyewe.

Mjomba nimemfukuza kazi. Akasema sawa, lakini barua yake ya uteuzi ilisema awe Mkurugenzi, haikusema awe mwongo. Na gazeti la leo bado anadai.

Alhamisi, 27 Machi

Nimemwandikia daktari wa meno. Nimeshinda nayo tangu alfajiri. Kila nikisoma nakuta nimeandika samahani. Natoa, inaota pengine, kama magugu. Kichwani nilikuwa na sababu zote za kutokutuma. Mjomba, ambaye hana kazi hapa lakini hajachukua kiti chake, akaniambia kupitia dirishani: mficha uchi hazai. Nikamwambia yeye ndiye aliyeniacha uchi mbele ya serikali ya watu. Akasema ndiyo, sasa zaa.

Imebaki samahani moja tu. Nimeandika: Barua zote ulizopokea miaka hii, za upole na za ukali, nimeziandika mimi. Hakuna mtu mwingine. Hesabu zako ni zile zile. Naomba tufunge mkataba kwa jina langu. Nikaambatisha mkataba mpya. Nikatuma.

Kimya mpaka sasa.

Alasiri mlango ukasukumwa kwa goti. Wifi alikuwa ameshapata habari kwamba Refa kafukuzwa. Mtoto akaletwa mapajani, na mikono yangu ikaanza kunyanyuka yenyewe — kumbe ndivyo inavyofanya! Sijawahi kuitazama. Nikairudisha kwenye kibodi. Nikasema saa kumi, wifi. Akasema Mkurugenzi si hayupo? Nikasema ndiyo, hayupo. Saa kumi.

Alisimama pale. Mtoto alinichekea, shetani mdogo huyu. Nimewahi kufunga mwaka mzima wa kliniki tatu. Haukuwa mgumu vile. Wakaondoka.

Sikupuliza kitu chochote.

Ijumaa, 28 Machi

Saa sita. Daktari amejibu. Nanukuu asije mtu akaniambia niliota:

"Nimekuelewa na kwa hesabu zako sina lalamiko. Lakini Mkurugenzi nimefanya naye kazi miaka mingi na namheshimu sana. Kabla ya kutia saini, ningependa anithibitishie yeye mwenyewe kwamba hayupo."

Nilisoma mara tatu. Nikamwita Mjomba. Akavaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Hili," akasema, "halimo kwenye sheria."

Saa saba. Mama kapata habari, wifi kapata habari, kaka kapiga simu kutoka kazini eti yuko tayari kuwa Mkurugenzi kwa nusu ya bei ya Mjomba. Wote wanasema jambo moja: si umwandikie tu? Anwani si unayo? Mstari mmoja, mtu anathibitisha hayupo, saini, viza, kwaheri. Hata mama. Ni Mjomba peke yake aliyenyamaza. Amekaa nje ya mlango anakunja gazeti lililokwisha kukunjwa.

Saa nane. Nimefungua ile anwani. Nimeandika: Daktari. Karani anasema kweli. Mimi sipo. Tia saini leo. Mkurugenzi.

Nzuri! Barua yake bora kuliko zote. Daktari angeisoma amesimama. Mkataba ungefika kabla ya masufuria. Kidole kiko juu ya kitufe, na hesabu yote iko upande wangu: mia na kumi na nane, mlango wa ufunguo, mwaka mzima.

Nimeitazama sana. Tatizo ni moja tu. Nikiituma, nimekwenda kwa ruhusa yake. Hata kule, kwenye chumba changu chenye ufunguo, daktari akichelewa kulipa nitamngoja yeye aje amdai. Atahamia na mimi. Hatalipa kodi ya nyumba, namjua.

Nimeifuta. Sikuifuta kishujaa, niliifuta huku nalaani.

Saa tisa na robo. Miaka sita daktari hajawahi kuisikia sauti yangu. Nimepiga. Simu ya kliniki ya kwanza kati ya zile tatu. Namba naijua kwa kichwa, ndiyo bili yake ninayoipitisha kila mwezi.

Dada wa mapokezi ameuliza napiga kwa niaba ya nani. Nikasema sipigi kwa niaba ya mtu. Akauliza jina, nikampa. Akatafuta, akasema samahani, jina hilo hawana. Nikasema najua. Nitasubiri.

Daktari ana mgonjwa kitini. Wameniwekea muziki. Naandika simu ikiwa begani, mwandiko wenyewe ndio huu. Mama amesimama ukumbini na mchele wake. Mjomba amenyanyua mkono, anaangalia saa ile ya uwanjani, kama kwamba yeye ndiye mwenye kuongeza dakika.

Saa tisa na nusu. Muziki bado. Nimeandaa sentensi ya kwanza. Nimeisahau. Nimeandaa nyingine, ina samahani, nimeitoa.

Muziki umekatika. Kuna mashine inazunguka kwa mbali, inapungua, imezima. Mtu anavua glavu. Sauti ya mwanamume, nyembamba kuliko nilivyodhani miaka yote hii, na nadhani anaogopa kidogo, inauliza: nani mwenzangu?